Kusoma hewa ukaa ya jiji kutoka angani: uliza kwanza upepo umetoka wapi

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili moja, saa nne usiku.

"Shikamoo mjomba. Nimeipata ile ramani ya hewa ukaa ya Los Angeles, lakini yote nyekundu. Kule kunaungua?"

"Marahaba. Nitumie niione."

Kweli, nyekundu tupu. Nikatazama ufunguo wa rangi pembeni: buluu 412, nyekundu 415. Tofauti ya ppm tatu tu, yaani chembe tatu katika kila chembe milioni za hewa, programu imeipaka rangi za moto kwa sababu hakuna aliyeiambia isifanye hivyo. Nikamuuliza, "Siku hiyo upepo ulitoka wapi?" Akanyamaza. Ninaandika maelekezo haya kwa ajili ya ukimya ule.

Mimi ni mchora ramani, ninaishi Dar es Salaam, lakini nimezaliwa Tanga, na baba alikuwa nahodha. Mtoto wa nahodha hajifunzi kushoto na kulia kwanza. Hujifunza joshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakokwenda. Nilipoanza kucheza na data za setilaiti nilidhani elimu ile nimeiacha ufukweni. Kumbe bila joshini na demani, namba za hewa ukaa juu ya jiji hazikuambii kitu.

Setilaiti inapima nini hasa

Watu hudhani setilaiti inapiga picha ya moshi. Inachopima ni mwanga wa jua uliogonga ardhi ukarudi juu. Hewa ukaa, yaani kabonidioksidi, hunyonya sehemu fulani za mwanga ambazo jicho letu halizioni, karibu na maikromita 1.61 na 2.06. Chombo kinaangalia mwanga huo umepungua kiasi gani. Kinaangalia pia sehemu ambayo oksijeni huinyonya, karibu na 0.76, kwa kuwa oksijeni inajulikana: asilimia 21 hivi ya hewa, uwe Kariakoo au kwenye jangwa la Mojave. Ukilinganisha viwili hivyo unapata XCO2, wastani wa hewa ukaa katika nguzo nzima ya hewa kuanzia ardhini hadi juu kabisa. Kipimo chake ni ppm, maana yake chembe ngapi katika kila chembe milioni.

Neno la kushika hapo ni nguzo nzima. Hewa chafu ya jiji imelala kilomita moja au mbili za chini. Juu yake kuna hewa nyingi sana isiyo na habari na jiji lako. Ni kama kutia chumvi kwenye sufuria kubwa, kukoroga, halafu kuonja kijiko kimoja. Ndiyo maana ppm 3 za ziada ni nyingi. Mwaka 2012 watafiti waliotumia setilaiti ya Japani, GOSAT, walionyesha kwamba hewa juu ya Los Angeles ilizidi ile ya jangwani jirani kwa ppm 3.2, na wenyewe wakasema inaweza kupungua au kuongezeka kwa 1.5. Jiji lenye mamilioni ya magari, na ziada yake ndiyo hiyo. Usitegemee kuona 600 dhidi ya 400. Ukiziona, kuna mahali umekosea.

Yanayofuata hapo utayakisia mwenyewe: usiku hakuna kipimo, na mawingu yakifunga hakuna kipimo.

Chukua OCO-3, anza na Los Angeles

GOSAT ilirushwa Januari 2009. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Februari, Marekani wakarusha OCO ya kwanza, setilaiti yao ya kupima hewa ukaa, kifuniko cha pua ya roketi kikakataa kuachia, na chombo kikaishia baharini karibu na Antaktika. Miaka ya kazi ilizama kwa sababu ya kifuniko. OCO-2 ikarushwa tarehe 2 Julai 2014 na ikafika salama. Iko kilomita 705 juu, na hupita kila mahali saa saba na nusu mchana hivi kwa saa za pale pale. Kila nukta inayopima ni kama kilomita 1.3 kwa 2.25, lakini ukanda wake una upana wa kilomita kumi tu. Kwa jiji kubwa, huo ni mkwaruzo mmoja wa kucha.

OCO-3 ilitengenezwa kwa vipuri vilivyobaki vya OCO-2, ikapelekwa Mei 2019 na kufungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Hii ina kioo kinachogeuka, kwa hiyo ndani ya dakika mbili hivi inaweza kufagia eneo la karibu kilomita 80 kwa 80, mstari kwa mstari. Wenyewe huita picha hizo SAM. Kwa miji, hiyo ndiyo unayoitaka. Kituo hakipiti saa ileile kila siku, kwa hiyo utapata mara asubuhi, mara alasiri.

Kwa nini usianze na kwenu? Kwa sababu ya kujifunzia unataka mahali ambapo jibu linajulikana. Los Angeles ina anga kavu, imepigwa picha nyingi, ina bahari magharibi na kusini, milima ya San Gabriel kaskazini, na nyuma ya milima kuna jangwa. Pia ina mashahidi wa ardhini: huko Pasadena, kwenye chuo cha Caltech, kuna chombo kinachotazama jua na kupima nguzo ileile ya hewa kutoka chini, na kingine kiko Edwards, jangwani. Setilaiti ikidanganya, hao wawili wanaiumbua.

Kupakua

Fungua akaunti ya Earthdata ya NASA. Ni bure. Ukishaingia, nenda kwenye orodha ya programu zilizoidhinishwa katika akaunti yako uidhinishe hifadhi ya GES DISC. Hatua hii watu huiruka, halafu wanashangaa kwa nini faili la data linafunguka kama ukurasa mtupu wa kilobaiti chache. Kisha tafuta OCO3_L2_Lite_FP, chagua toleo jipya kabisa lililopo, chagua tarehe. Faili moja ni siku moja ya dunia nzima, la aina ya nc4. Yana uzito wa megabaiti makumi, kwa hiyo mimi hupakua kwa bando la usiku.

Usichague tarehe kwa kubahatisha. Timu ya OCO-3 kule JPL, maabara ya NASA, ina ukurasa wenye picha ndogo za kila SAM kwa jina la mahali. Zipitie, tafuta siku ambayo eneo limejaa nukta, ndipo upakue.

Angalia saa. Faili hukatwa kwa saa za UTC, saa za kimataifa. Saa sita mchana ya Los Angeles wakati wa kiangazi chao ni saa nne usiku kwetu, na UTC ni 19:00. Saa kumi na moja jioni yao tayari ni tarehe ya kesho kwa UTC. SAM ya alasiri ukiikosa kwenye faili la leo, itafute kwenye la kesho.

Kufungua na kuchuja

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4 na inatosha. Weka Python pamoja na maktaba zake xarray na netCDF4, kisha:

import xarray as xr
d = xr.open_dataset("siku.nc4")
t = d[["latitude","longitude","xco2","xco2_uncertainty","xco2_quality_flag"]].to_dataframe()
t = t[t.xco2_quality_flag == 0]
t = t[t.latitude.between(33.5, 34.9) & t.longitude.between(-118.9, -117.0)]
t.to_csv("la.csv")

Mistari sita, na kila mmoja umewahi kuniadhibu.

Ule wa xco2_quality_flag ndio mlango. Sifuri maana yake kipimo kimepita ukaguzi, moja maana yake kimeanguka: wingu jembamba, vumbi, mteremko mkali, au hesabu haikufunga. Mara ya kwanza sikuchuja. Nikapata doa la kutisha juu ya milima, nikalichora vizuri, nikaliwekea kichwa cha habari, nikalionyesha kwenye kikao cha watu wa ramani. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Kuna kiwanda gani juu ya mlima huo?" Hakukuwa na kiwanda. Kulikuwa na nukta mbovu nilizotakiwa kuzitupa.

Mstari wa latitudo na longitudo una alama ya kutoa. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea longitudo chanya, 39 na kitu, mkono unaandika wenyewe. Niliwahi kuandika 118 bila alama ya kutoa, nikapata nukta nzuri, nyingi, safi, nikazifanyia kazi nusu saa nzima kabla ya kuziweka juu ya ramani. Zilikuwa mashariki mwa China.

Na lile faili la CSV, usilifungue kwa Excel ukalihifadhi tena. Kila nukta ina namba yake, sounding_id, yenye tarakimu kumi na sita: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, sehemu ya sekunde, na ya mwisho kabisa ni namba ya jicho lililopima, 1 hadi 8, kwa kuwa chombo kina macho manane yaliyopangwa safu. Excel inashika tarakimu kumi na tano tu. Ya kumi na sita inaigeuza sifuri bila kusema. Siku utakayotaka kujua kama jicho moja linapima juu kuliko wenzake, namba itakuwa imeshafutika. Peleka CSV moja kwa moja QGIS, programu ya kuchora ramani.

Ukifika QGIS, zipange rangi mwenyewe. Weka mizani moja kwa siku zote unazolinganisha, na uiandike pembeni. Mpwa wangu aliacha programu inyooshe rangi kutoka kipimo cha chini hadi cha juu, na ukifanya hivyo hata anga la kijijini litawaka.

Upepo

Sasa una nukta juu ya ramani, tuseme kati ya 411 na 417. Namba zenyewe bado hazina maana. Hewa ukaa ya dunia nzima inapanda kwa ppm mbili na nusu hivi kila mwaka. Tena inapanda na kushuka kwa misimu, kwa sababu misitu ya kaskazini inapovuta pumzi ya kiangazi inapunguza hewa hiyo kwa ppm kadhaa. Kwa hiyo 415 ya Mei na 412 ya Septemba haziwezi kukuambia kwamba jiji limejirekebisha. Hilo ni kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, hata kwa watu wenye shahada.

Unachotaka ni ziada: hewa ya jiji kutoa hewa iliyoingia jijini. Hewa iliyoingia iko joshini.

Tafuta upepo wa saa ileile ya kipimo. Njia ya haraka ni ripoti za uwanja wa ndege. Ripoti ya LAX, uwanja wa Los Angeles, ikiwa na 25012KT, maana yake upepo umetoka nyuzi 250, yaani magharibi kuelekea kusini kidogo, kwa noti 12. Gawanya noti kwa mbili upate mita kwa sekunde, inatosha kwa kazi hii: mita 6. Njia ya uangalifu zaidi ni ERA5, data za upepo za kituo cha Ulaya cha utabiri, zinazotolewa bure, saa kwa saa. Humo upepo umegawanywa u (magharibi-mashariki) na v (kusini-kaskazini), na hapa ndipo watu huanguka. Baba akisema upepo wa kusi, ana maana umetoka kusini, na watu wa hali ya hewa wote husema hivyohivyo. Lakini u na v husema unakokwenda: u chanya ni upepo unaokwenda mashariki, yaani umetoka magharibi. Ukichanganya, joshini inakuwa demani, na ziada yako inatoka hasi. Nikiona jiji kubwa lenye ziada hasi, naangalia u na v kabla ya kitu kingine.

Mchana wa kawaida Los Angeles upepo hutoka baharini, unaisukuma hewa ya jiji mashariki hadi inagota milimani. Joshini ni bahari, ila juu ya maji huna nukta nyingi kwenye SAM, kwa sababu bahari ni nyeusi kwa mwanga huu isipokuwa pale jua linapong'aa juu yake kama kioo. Ndiyo maana wengi huchukua jangwa la nyuma ya milima kama hewa safi. Inafaa, lakini kuwa macho: siku nyingine hewa ya jiji hupenya kwenye mapengo ya milima hadi jangwani, na hapo utakuwa unatoa uchafu kwenye uchafu. Wakati mwingine ule upepo mkavu wa Santa Ana hugeuza kila kitu, hewa inatoka jangwani kwenda baharini. Siku hizo jangwa ni joshini kweli kweli.

Usichukue nukta moja kuwa hewa safi. Tazama safu ya xco2_uncertainty utaona kila nukta ina shaka ya nusu ppm na kuzidi. Chukua nukta nyingi za joshini, makumi, na utumie namba ya katikati (ile inayokaa katikati ukizipanga kwa ukubwa) badala ya wastani, ili nukta moja ya ajabu isikuvute. Kisha toa namba hiyo kwenye kila nukta ya jiji. Watafiti waliofanya hivyo kwa OCO-3 juu ya Los Angeles, wakachapisha mwaka 2021, walipata ziada kati ya 0 na 6, na katikati karibu 2. Kazi yako ikiangukia humo, umeelewa.

Mpwa wangu alirudia ramani yake namna hii. Nyekundu ikabaki kipande tu, kimelala kuelekea mashariki kama shuka linalopepea. "Mjomba, inaonekana inapeperuka." Ndiyo, inapeperuka.

Ukitaka tani

Watu huuliza tani. Kwa kukisia tu: ppm 1 ya ziada kwenye nguzo nzima, mahali palipo karibu na usawa wa bahari, ni gramu 16 hivi za hewa ukaa juu ya kila mita mraba. Chora mstari demani ya jiji, uukate upepo. Tuseme wastani wa ziada kwenye mstari huo ni ppm 2, mstari una kilomita 40, upepo mita 3 kwa sekunde. Gramu 32 mara mita 40,000 mara 3 ni gramu milioni 3.84, karibu tani 3.8 kila sekunde, karibu tani 14,000 kwa saa.

Tafadhali usizidishe kwa saa za mwaka mzima. Umepima dakika mbili za mchana mmoja usio na mawingu. Tena upepo wa mita kumi kutoka ardhini ni mpole kuliko ule wa juu yake unaobeba hewa hiyo, kwa hiyo jibu lako linaelekea kuwa dogo kuliko ukweli. Na upepo ukikosewa kwa nusu, tani zimekosewa kwa nusu. Upepo chini ya mita 2 kwa sekunde mimi hesabu siifanyi kabisa. Hewa inazunguka palepale, hakuna joshini.

Dar, Nairobi na kwingine kwetu

Njia za OCO-2 ni 233 katika siku 16, halafu inarudia. Gawanya mzingo wa dunia kwenye ikweta, kilomita 40,075, utaona kuna kilomita 172 kati ya njia na njia. Ukanda una kilomita 10. Jiji lako linaweza kukaa katikati ya njia mbili miaka yote. Kwa hiyo kwanza angalia kama njia inapita jirani, ndipo upoteze bando. OCO-3 inaweza kugeuza kioo, ila inapiga SAM kwenye orodha ya malengo iliyopangwa, na mawingu yetu hayaombi ruhusa. Nairobi nimepata siku nyingi zisizo na nukta hata moja safi.

Kinachonisaidia hapa ni Sentinel-5P, setilaiti ya Ulaya ya Oktoba 2017. Hewa ukaa haiipimi, lakini inapima naitrojeni dayoksaidi kila siku, mchana uleule wa saa saba na nusu. Gesi hiyo hutoka kwenye injini na mitambo inayochoma kwa joto kali, na hudumu saa chache tu, kwa hiyo doa lake linakuonyesha hewa ya jiji imelalia wapi siku hiyo. Nachora doa lile kwanza, halafu natafuta hewa ukaa humohumo. Ila jua mipaka yake: jiko la mkaa la mama lishe halitoi gesi hiyo kama lori la Bandari, na majiko ya mkaa Dar ni mengi. Kwa mkaa tazama kaboni monoksaidi, ambayo Sentinel-5P inapima pia.

Dar ina raha moja, upepo wake unajulikana kabla hujafungua kompyuta. Wakati wa kusi hewa inatoka baharini kusini mashariki, uchafu wa jiji utafute kati ya Kibaha na Bagamoyo. Wakati wa kaskazi geuka, tafuta upande wa Kisarawe na Mkuranga. Joshini ni bahari misimu yote miwili, kwa hiyo OCO-2 ikipita pwani huku ikifuata mng'ao wa jua juu ya maji, pakua siku hiyo bila kufikiri mara mbili, ndiyo hewa safi utakayoipata.

Faili zangu zote siku hizi nazipa jina linaloanza na upepo, ndipo tarehe: kusi, kaskazi, matlai. Lisilo na jina la upepo silifungui, hata kama ramani yake ni nzuri.